Nani anazibua mtaro mwezi wa tisa? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Nyanda za Juu Kusini

Barabara yenyewe ni fupi, haifiki kilomita mbili. Inaanzia juu kwenye mashamba ya viazi na mikaratusi, inashuka katikati ya makazi, inapita sokoni, kisha inaishia kwenye korongo linalopeleka maji hadi kalavati kubwa la barabara kuu. Ilipowekwa lami watu walishangilia, na walikuwa na haki. Kabla ya hapo bajaji zilikuwa hazipandi tangu Januari hadi Aprili, na mgonjwa alishushwa kwa kubebwa mgongoni. Mitaro ya mawe ikajengwa pande zote mbili. Msimu wa kwanza wa mvua ukapita salama. Msimu wa pili, mwezi Machi, mvua ya alasiri isiyodumu hata saa mbili ilijaza tope kwenye nyumba za upande wa chini, ikala ukingo wa lami na kuangusha ukuta wa choo. Hakufa mtu, ndiyo maana hukusikia habari zake.

Jina la mji nimeliacha, na ofisi zilizohusika nazo zimebaki bila majina. Msomaji wa Mbeya, Mbalizi, Tukuyu, Njombe au Iringa atadhani ninasema mtaa wake, wala sitabishana naye. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya udogo wake. Aprili 2024 Mlima Kawetere ulipomeguka na tope lake kufunika nyumba na shule katika kata ya Itezi jijini Mbeya, nchi nzima iliona picha. Maafa ya namna hiyo yana mahali pake katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi ngazi ya chini. Choo kilichoanguka na lami iliyoliwa ukingo havina kamati. Vinarudi kila mwaka, vinakula fedha kidogo kidogo, na baada ya miaka mitano barabara inaombewa kujengwa upya.

Katika mkutano wa mtaa yalitolewa maelezo matatu. Wa kwanza walisema mkandarasi alilipua kazi. Wa pili, na hawa walikuwa watu wa ofisini, walisema wananchi wanatupa takataka mtaroni. Wa tatu walisema ni mabadiliko ya tabianchi. Kila maelezo yalikuwa na ukweli ndani yake, na kila moja lilimwondolea lawama yule aliyelitoa. Kisha akasimama mzee mmoja wa upande wa chini, akamwambia fundi wa ofisi ya barabara: “Mwanangu, kabla ya mtaro huu maji hayakuwa yanaingia kwangu. Yalikuwa yanapita kila mtu na lake. Nyie ndio mmeyakusanya mkaniletea.” Watu walicheka, lakini kiufundi mzee ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote siku ile. Mtaro haupunguzi maji. Unayakusanya, unayaongezea mwendo na kuyapeleka mahali pamoja. Usipoangalia hapo mahali pamoja ni wapi, umehamisha tatizo kutoka juu kwenda chini, na wa chini mara nyingi ndiye mwenye kiwanja cha bei rahisi.

Njia nzuri ya kuelewa mtaro ni kuupanda kwa miguu, kuanzia unapomwaga hadi unapoanzia. Ukianza juu utavutiwa na uchafu. Ukianza chini utaona kwanza kama maji yana pa kutokea.

Hapa yalikuwa na pa kutokea nusunusu. Mtaro uliishia ukingoni mwa korongo, ukikatika ghafla kama meza. Hapakuwa na ngazi za zege wala mawe ya kupunguza nguvu za maji. Katika misimu miwili korongo lilikuwa limejila kuelekea barabarani, na mawe ya mwisho ya mtaro yalikuwa yananing’inia hewani. Udongo wetu wa milima hii, hasa kule kwenye majivu ya volkano ya Rungwe, ni mwepesi. Ukiachwa wazi kwa maji yenye kasi hausubiri kuombwa mara mbili.

Hatua chache juu kuna kalavati la duara la milimita 600 linalovusha maji chini ya barabara. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hesabu yake inajibu nusu ya ubishi wa mkutanoni.

Kalavati la ukubwa huo likiwa safi, kwenye mteremko wa asilimia 2, hupitisha takriban lita 870 kwa sekunde. Siku tulipoinama kuchungulia, lilikuwa limejaa mchanga hadi nusu ya kimo. Wengi hudhani kalavati lililojaa nusu limebaki na nusu ya uwezo. Sivyo. Mbali na nafasi kupungua, maji sasa yanajikwaruza kwenye mchanga na kupoteza mwendo, kwa hiyo uwezo unashuka hadi kama lita 310, yaani zaidi kidogo ya theluthi.

Sasa angalia upande wa maji yanayokuja. Eneo linalomwaga kwenye mtaro huo tulilikadiria kuwa kama hekta 20. Lilipokuwa nyasi na mashamba, sehemu kubwa ya mvua ilizama ardhini. Mvua ya nguvu ya milimita 50 kwa saa ingeleta kama lita 830 kwa sekunde, na kalavati safi lingeipokea kwa shida shida. Tangu barabara ipite, viwanja vimepanda bei, mabati yameenea, nyua zimeshindiliwa au kuwekewa zege. Mvua ileile sasa inaleta mara mbili, kama lita 1,670. Ukiligeuza swali, unauliza ni mvua ya nguvu gani inatosha kufurisha. Kalavati likiwa limejaa nusu, milimita 9 hivi kwa saa zinatosha, nayo ni mvua ya kawaida kabisa kwetu, ya kuvaa koti na kuendelea na safari. Likiwa safi, linastahimili hadi karibu milimita 26. Ukiongeza bomba la pili la ukubwa uleule, unafika 50 na ushee.

Mtu wa ujenzi mpya ataona kwenye namba hizo sababu ya kuomba kalavati kubwa, na hajakosea. Lakini tazama hatua ya kwanza. Kutoka 9 kwenda 26 hakuhitaji saruji wala mkandarasi. Kunahitaji koleo, toroli na watu wenye buti, kabla ya Novemba. Ndiyo maana maelezo ya tabianchi sikuyakubali kama yalivyotolewa pale. Wataalamu wanatarajia vipindi vya mvua kubwa viongezeke Afrika Mashariki, na mji unaopanga barabara zake bila kulijua hilo unajidanganya. Hata hivyo mvua ya siku ile haikuhitaji sayansi ya dunia. Ilikuta mlango umefungwa theluthi mbili.

Kuendelea juu tulikuta vivuko. Kila nyumba yenye gari au duka imejenga chake juu ya mtaro, wengine kwa mabanzi, wengine kwa zege iliyomwagwa moja kwa moja na chini yake bomba la inchi sita. Bomba la inchi sita ndani ya mtaro wa upana wa mita moja ni sawa na kuweka kizibo. Chupa mbili za plastiki na majani ya mahindi ya kuchoma vinatosha kulifunga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na kweli imepungua, lakini soko lina mengine mengi ya kutoa: maganda, viroba, nyasi za kufungia matenga. Sokoni palikuwa na kontena la taka lililokuwa likichukuliwa kwa kusuasua, na likijaa, mtaro ndio jirani wa karibu.

Juu kabisa ni kwenye viazi. Matuta yanafuata mteremko, kwa sababu viazi havipendi maji ya kutuama na kulima kwa kushuka ni rahisi. Kila tuta ni mfereji mdogo unaoshusha udongo hadi barabarani. Hapo ndipo mchanga wa kalavati unapotoka, si kwa watupa chupa. Kusini mwetu, huko Mbinga, Wamatengo wamelima milima mikali kuliko hii kwa vizazi kwa mashimo ya ngolo yanayokamata maji na udongo papo hapo. Ujuzi upo ndani ya nyanda hizihizi, umekaa tu wilaya nyingine.

Basi kazi ya nani? Hapa kisa kinakuwa cha kiserikali, na sikitaki kiwe cha kulaumu, maana mpangilio wenyewe una mantiki yake. Hadi 2017 barabara za mitaa na vijiji zilikuwa za halmashauri, na mhandisi wake alikaa kwenye kikao cha madiwani akibanwa kwa maswali. Tangu Julai 2017 zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu na za mikoa zimebaki TANROADS, wakala wa barabara za taifa. Fedha za matengenezo zinatoka Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta mahsusi kwa barabara za TARURA. Kwa lami, mpango huo umesaidia. Kwa maji, umeongeza mipaka. Mtaro na kalavati dogo ni vya wakala mmoja, kalavati la barabara kuu ni la wakala mwingine. Taka na vibali vya kujenga ni vya halmashauri. Shamba la viazi ni la afisa ugani wa kata. Kivuko ni cha mwenye nyumba, ingawa kimekaa ndani ya hifadhi ya barabara. Korongo ni la bodi ya maji ya bonde, na kingo zake zinalindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004 kwa umbali wa mita 60.

Na bonde lipi? Mbeya ina utani wake hapo. Maji ya upande mmoja wa milima yanakwenda Ziwa Rukwa, ya upande mwingine Ziwa Nyasa, na ya mashariki Ruaha Mkuu hadi Rufiji. Ofisi za mabonde hayo zipo Mbeya, Tukuyu na Iringa. Mvua moja ikitanda vizuri inaweza kuwa na wakubwa watatu.

Maji hayaulizi mipaka hii. Tone lilelile hutoka shambani, likapita chini ya kivuko, likabeba chupa ya soko, likaingia kwenye kalavati, likatokea korongoni, yote kwa dakika kumi. Kila ofisi inaweza kuonyesha kuwa sehemu yake imetimizwa, na nyumba bado zikajaa tope.

Lakini mipaka ya ofisi si kiini cha kisa hiki. Kiini ni kalenda.

Chukua mtaro uliofurika Machi 2024. Wakati huo baraza la madiwani limeshapitisha makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, yapo njiani kwenda bungeni. Kwa utaratibu wa kawaida, mtaro huo unasubiri mitaa iulizwe vipaumbele vyake mwishoni mwa mwaka, unapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, unapitishwa na baraza mwanzoni mwa 2025, na unapata fungu Julai 2025. Ni miezi kumi na sita. Hapo mvua za 2024/25 zimekuja na kwenda. Kisha inafuata zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, tathmini, mkataba, na fedha yenyewe kufika. Mkandarasi anaingia kazini Novemba. Huku kwetu Novemba mvua zinaanza. Anachimba kwenye tope, greda linakwama, anaomba kuongezewa muda, na tope alilotoa mtaroni analirundika ukingoni.

Hilo la ukingoni linastahili aya yake. Pita mtaa wowote mtaro ulipozibuliwa, utaona tuta refu la tope limelala kando yake. Mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Nilidhani ni uvivu, hadi nilipoonyeshwa jedwali la kazi. Malipo yalikuwa kwa mita za mtaro uliozibuliwa. Kusomba hakukuwa na mstari. Mtu analipwa kutoa tope, halipwi kuliondoa, naye anafanya alicholipwa. Ukitaka kujua mtaro utakuwaje Januari, soma jedwali la kazi la Agosti.

Kwa hiyo kosa la mpango wa halmashauri nyingi, nionavyo mimi, ni kuliweka neno mafuriko mahali pa maafa na mahali pa miradi, na kutoliweka mahali pa usafi wa kila mwaka. Maafa yana fedha za dharura, zinazokuja baada. Miradi ina fedha za wafadhili na picha za uzinduzi. Mbeya imepata barabara nzuri za mjini kupitia mradi wa miji ya kimkakati na sasa kupitia TACTIC, mradi mwingine wa kuboresha miji, na hakuna anayezibeza. Ila kila kilomita ya mtaro mpya ni deni la kuzibua kila Septemba, mwaka hadi mwaka, na deni hilo halimo kwenye hotuba ya uzinduzi.

Mtaa huu ulifanya nini? Walianza na kitu kidogo kilichowezekana bila kusubiri Julai ya mwaka wa pili. TARURA imekuwa ikitoa kazi ndogo za matengenezo kwa vikundi vya kijamii, na njia hiyo ilikuwepo pia hapa. Kikundi cha vijana na akina mama wa mtaa kikasajiliwa, kikapewa kipande hicho. Mama mmoja muuza chipsi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimeingiwa na tope hadi kwenye jiko, ndiye aliyeshupalia masharti mawili kwenye kikao na mtendaji wa kata. La kwanza, kazi iishe kabla ya Oktoba 15. La pili, malipo yahesabu tope lililoondoka, si mtaro uliofukuliwa. “Mtendaji, mimi siombi mtaro usafishwe,” alisema, “naomba tope lihame.” Sharti la pili lilileta ubishi, maana halikuwa kwenye fomu ya kawaida. Likakubaliwa baada ya mafundi matofali wa jirani kusema mchanga ule wanautaka. Sehemu ya usombaji ikajilipa yenyewe.

Kwa nini Oktoba? Kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili kabla ya msimu kuanza, na mwelekeo huo hupokelewa wilayani kwa vikao na maagizo. Maagizo yakifika, koleo linapaswa kuwa limeshamaliza. Kusubiri utabiri useme “juu ya wastani” ndipo uzibue ni kutoelewa hesabu ya kalavati. Likiwa limejaa nusu, hata mvua chini ya wastani inalishinda. Mji wa Iringa hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka na Tukuyu hupata zaidi ya 2,000, na kote mitaro hufurika. Kinachofurisha mtaro wa mlimani ni dakika ishirini za mvua kali zikikutana na tundu dogo. Kyela ni habari nyingine. Kule chini maji hukaa, na dawa yake inaanzia kwenye mito. Huku mlimani maji hupita, nasi tunalipwa au kulipishwa kwa jinsi tunavyoyapitisha.

Juu ya mtaro walichimba shimo la kunasa mchanga, pana kama chumba kidogo, ili udongo wa mashamba utuame pale panapofikika kwa toroli badala ya kutuama ndani ya bomba. Kwa gharama yake, sijaona kitu chenye faida zaidi katika kisa hiki chote. Wenye mashamba waliombwa kugeuza matuta yakate mteremko. Wachache walikubali. Waliobaki walikubali jambo jingine, kupanda majani ya guatemala kwenye mipaka ya chini, kwa kuwa wana ng’ombe wa maziwa na majani hayo ni chakula. Ushauri wa hifadhi ya udongo ambao haumpi mkulima kitu mkononi msimu huohuo huishia kwenye daftari la mahudhurio.

Vivuko vilikuwa na moto wake. Ofisi ya barabara iliweka alama za X nyekundu, watu wakachukia, diwani akaingia kati. Mwishowe wakakubaliana kwamba kivuko kibaki iwapo ni vibao vya zege vinavyonyanyulika kwa watu wawili, bila bomba chini. Baadhi wamebadilisha. Duka moja la vifaa vya ujenzi, ambalo lina saruji kuliko sisi sote, halijabadilisha hadi leo.

Msimu uliofuata nyumba za chini hazikuingiwa na maji. Nisingependa hilo lisomwe kama ushindi. Namba nilizotoa juu zinasema wazi kwamba mvua ya milimita 50 kwa saa ikija, kalavati safi bado ni dogo, na bomba la pili linahitajika. Limeombwa, lipo kwenye mpango wa kata, linasubiri zamu yake kwenye ile kalenda. Walichokipata ni muda, na kikundi kinachojua mtaro wake kwa mita.

Kilichokwama ni kule chini, korongoni. Ngazi za zege za kupunguza nguvu za maji zinahitaji eneo la kujengwa, na eneo lililobaki ni kona ya kiwanja cha mtu. Halmashauri inasema kona hiyo ipo ndani ya mita 60, haina fidia. Mwenye kiwanja amekwenda kikaoni mara zote kwa heshima, amewasalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akatoa bahasha yake na kuweka mezani barua ya ofa, yaani ya kumilikishwa kiwanja hicho, yenye mhuri wa halmashauri hiyohiyo. Kikao cha mwisho kiliahirishwa ili mwanasheria aisome.